Sanduku la Newt lilitosha

Jacob Kowalski amekwenda benki kuomba mkopo wa kufungua duka la mikate. Sandukuni kapanga vitafunwa alivyooka mwenyewe kwa mapishi ya bibi yake, na anamsihi meneja aonje. Meneja anamkatiza: dhamana iko wapi? Halafu anamkumbusha kwamba siku hizi zipo mashine zinazotoa donati kwa mamia kila saa. Mezani pale hakuna fimbo ya uchawi wala joka, lakini ukitaka nikuonyeshe ni wapi Fantastic Beasts and Where to Find Them (2016) ilipata roho yake, nitakuketisha kwenye kiti cha Jacob.

Nalisema hili kwa sababu mashabiki wenzangu wengi wameihukumu filamu hii kwa makosa ya wadogo zake, yaani filamu mbili zilizoifuata. Siku hizi ikitajwa, inatajwa kama mwanzo wa mporomoko: hadithi ya Harry Potter ilikuwa imekwisha salama kwenye sinema mwaka 2011, na kilichoongezwa baada ya hapo ni tamaa tu ya studio.

Hoja zao si za kupuuzwa. Chanzo cha filamu yenyewe ni kijitabu cha 2001 kilichouzwa kuchangia hisani, orodha ya wanyama wa kichawi isiyo na kisa ndani yake. J.K. Rowling, ambaye hapo ndipo alipoandika skripti ya filamu kwa mara ya kwanza, alilazimika kushona kisa juu ya orodha, na mshono unaonekana. Upande mmoja ni Newt Scamander, mchawi anayesaka wanyama waliomtoroka mitaani New York mwaka 1926. Upande wa pili ni Credence, kijana anayeteswa na mama wa kulea, na maafisa wa uchawi wanaonusa vita. Mshika mbili moja humponyoka, na zipo dakika ambapo mwongozaji, David Yates, anaonekana hajui ashike ipi. Wapo pia wanaolalamika kwamba Eddie Redmayne, anayeigiza Newt, anameza maneno; hata mimi nilipoitazama mara ya kwanza nilishindwa kumtetea. Na kule mwisho, kumvua Colin Farrell sura ili tumwone Johnny Depp kama mchawi mwovu Grindelwald ni biashara mbaya. Tulishampata mwovu aliyesimama sawasawa, tukabadilishiwa.

Lakini hebu tushuke sandukuni. Newt anateremka ngazi ndani ya sanduku kuukuu, Jacob anamfuata kwa taabu maana mwili umekwama mlangoni, na kule chini kuna jangwa, kuna theluji, kuna msitu, kila mnyama na hali yake ya hewa. Yule Newt aliyekuwa akimumunya maneno mbele ya watu, huku anaongea vizuri tu na wanyama wake anawatazama machoni. Basi tatizo halikuwa mwigizaji asiyejua kutamka. Ni mtu anayeogopa binadamu. Filamu nane za Harry Potter zilituzoesha shujaa aliyetabiriwa kabla hajazaliwa. Newt hakutabiriwa na yeyote. Kazi yake ni kulisha, kusafisha, kutibu, na kumfukuzia Niffler, kinyama mwizi aliyejaza vito vya watu kwenye mfuko wa tumbo.

Halafu Jacob. Kwa miaka yote, mtu asiye mchawi aliyepewa nafasi ya maana kwenye filamu hizi alikuwa Dursley, wa ile familia iliyomlea Harry kwa chuki, wa kuchekwa au kuchukiwa. Huyu ametoka vitani, anafanya kazi kwenye kiwanda cha vyakula vya makopo, na sheria ya wachawi wa Marekani ya mwaka 1790 inakataza hata urafiki naye, sembuse ndoa. Queenie, mchawi wa New York, anasoma mawazo ya watu, anayasoma ya Jacob, na anampenda pamoja nayo. Kwangu huu ndio upanuzi wenyewe, zaidi ya nchi mpya na majina mapya ya vitu vilevile: kuutazama uchawi kwa macho ya mtu asiye nao na asiyeuonea kinyongo. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Newt ndiye mgeni, na aliyepona ni mwokaji.

Kuhusu Credence nitakuwa mfupi. Obscurus, nguvu inayozaliwa ndani ya mtoto anayelazimika kuukandamiza uchawi wake, ni wazo zito kuliko mengi ya vitabuni. Kinachonikera ni kwamba mtoto mwingine tunayesimuliwa habari zake ni binti wa miaka 8 aliyefia Sudan, na Sudan haina kazi nyingine kwenye hadithi. Afrika imeitwa, imetoa maiti, imeruhusiwa kuondoka.

Sasa namba, ambazo ndiko mjadala huu huishia kila mara. Ya kwanza iliingiza takriban dola milioni 814 duniani. Ya pili, mwaka 2018, milioni 655. Ya tatu, mwaka 2022, milioni 407. Yaani nusu ya walipoanzia, na kati ya filamu 5 walizotangaza zikafika 3. Wapinzani wakiiona ngazi hiyo wanasema: si mnaona, watu hawakuutaka upanuzi. Mimi naisoma kinyume. Hiyo milioni 814 inakaribiana na mapato ya filamu ya tatu ya Harry Potter, iliyoingiza kidogo kuliko zote nane, tena ni bila Harry na bila Hogwarts, shule yake ya uchawi, kwa mhusika ambaye wengi tulimjua kama jina la mwandishi kwenye jalada la kitabu cha shule. Ndiyo pia iliyouletea ulimwengu huu Oscar ya kwanza, kwa mavazi ya Colleen Atwood, baada ya zile nane kuteuliwa mara 12 na kurudi mikono mitupu. Watu walikuja. Cha kuuliza ni kwa nini hawakurudi.

Naam, mwaka 2022 kumbi za sinema zilikuwa bado zinauguza majeraha ya korona, nafasi ya Depp alishaichukua Mads Mikkelsen, na Rowling alikuwa kwenye ugomvi mkali na mashabiki wake wengi kuhusu watu waliobadili jinsia. Yote hayo yana uzito kwa filamu ya tatu. Lakini mwaka 2018 korona haikuwepo, na karibu milioni 160 zilikuwa zimeshayeyuka. Na ile ya 2018 ilikuwa na nini? Hogwarts ilikuwepo. Dumbledore, mwalimu mkuu wa Harry, alikuwepo. Nagini, yule nyoka wa Voldemort, adui wa Harry, alikuwepo, safari hii mwanamke. McGonagall, mwalimu mwingine wa Harry, naye alikuwepo, akifundisha wakati ambapo, kwa hesabu ambazo mashabiki walizipata kwenye maandishi ya Rowling mwenyewe, alikuwa bado hajazaliwa. Credence akaambiwa ni wa ukoo wa Dumbledore. Kila walichodai kimekosekana kiliwekwa mezani, na hapo ndipo watu walipoanza kuinuka.

Ila ninaloshindwa kulisamehe ni la mvua. Mwisho wa ile ya kwanza, sumu ya mmoja wa wanyama wa Newt inasambazwa mawinguni ili mvua ifute kumbukumbu za jiji zima, na Jacob hakusamehewa. Anawaaga wenzake kwenye mlango wa kituo cha treni, anapanda ngazi kwa miguu yake, anaingia mvuani. Queenie anamfuata, anambusu, anatoweka, naye anabaki ameduwaa. Baadaye Newt anamgonga kikumbo cha makusudi barabarani na kumwachia sanduku la maganda ya mayai ya Occamy, mmoja wa wanyama wake, fedha tupu: ile dhamana aliyodaiwa na meneja. Duka linafunguliwa. Mikate ina maumbo ya wanyama asiokumbuka kuwaona. Queenie anaingia, Jacob anagusa shingo pale alipoumwa na mnyama wa Newt, anatabasamu, na filamu inatuacha na labda.

Filamu ya pili ikaimaliza hiyo labda kwa maneno machache nyumbani kwa Newt, London. Dawa ilifuta kumbukumbu mbaya tu, anasema Jacob, na yeye hakuwa nazo. Ukumbi ulicheka. Mimi nilikuwa namfikiria yule mtu aliyepanda ngazi akijua anakwenda kupoteza kila kitu, kumbe alikuwa anakwenda kulowa tu.