Rufiji, Tazama Matopeni

Wengi wanaokwenda Delta ya Rufiji kutazama ndege hukaa kwenye boti shingo zikiwa juu. Wanamtaka furukombe kileleni mwa mkoko, wanamtaka mdiria na rangi zake, wapige picha waondoke. Sina ugomvi na furukombe, ila yeye utamkuta hata kwenye maziwa ya bara. Utajiri wa delta uko matopeni, kwa vile vindege vya kijivu ambavyo mgeni huvitupia jicho mara moja na kusema, "Ah, vitwitwi tu."

Vitwitwi tu! Kuna mmoja wao, mdomo wake umejikunja kidogo kwenda chini, ambaye hutaga mayai kaskazini kabisa mwa Siberia na kuanza kutua pwani yetu Agosti na Septemba. Ukimtazama vizuri Aprili, kabla hajaondoka, kifua cha kijivu kimeanza kugeuka rangi ya matofali. Sululu naye, mdomo kama mundu, huchokoa mashimo ambayo wenzake hawayafikii. Halafu yupo mla kaa, Dromas ardeola, mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene. Huyu huzaliana pwani za Uarabuni na Bahari ya Shamu, tena chini ya ardhi: huchimba shimo mchangani, akataga yai moja, na joto la mchanga likamsaidia kuatamia. Sijui mgeni anataka maajabu gani zaidi.

Kuwaona kunahitaji kujua maji, na hapo mvuvi yeyote wa kijiji cha Nyamisati, humo deltani, anamshinda mwenye darubini ya bei. Maji yakipwa kabisa ndege hutawanyika mbali, huoni ila nukta. Nenda yanapoanza kujaa, utulie mahali pamoja. Matope yanavyofunikwa, ndege husukumwa wakakujia wenyewe. Wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa kwa wingi, husogea haraka. Maji mafu, yanayopanda na kushuka kidogo tu, hayana msukumo huo.

Maji yakishajaa, waache. Huo ndio muda wao wa kupumzika kwenye mafungu ya mchanga au juu ya mikoko, na ndipo manahodha huombwa wasogeze boti ili kundi liruke, lipendeze kwenye picha. Ndege anayejiandaa kurudi Siberia anaishi kwa mafuta aliyoyaweka mwilini. Kila mruko wa bure unayala. Kwangu mimi huo ni utovu wa adabu, hata nahodha alipwe kiasi gani.

Eneo la Rufiji, Mafia na Kilwa limo katika orodha ya Ramsar, ya ardhioevu muhimu duniani, tangu 2004. Lakini matope hayo huletwa na mto, na Desemba 2022 mto huo ulianza kujaza Bwawa la Julius Nyerere, la megawati 2,115. Umeme tunauhitaji, sibishi. Ila bwawa lolote huzuia sehemu ya udongo unaoteremka, na wa kwanza kuonyesha tofauti huenda wakawa hawa wanaokula humo. Ndiyo maana natamani kila anayefika huko awahesabu, hata kwa kukadiria, aandike tarehe, mahali na hali ya maji, kisha mwakani arudi mwezi uleule, maji yakiwa vilevile.