Mtoko wa Baba Salma

Kwa mwanaume wa mtaani kwetu, siku ya kuzaliwa huishia kwenye ndoo ya maji. Wenzake wa kazini wanamvizia, wanammwagia, wanacheka, naye anarudi nyumbani amelowa chapachapa. Basi. Keki ni ya mke na watoto. Baba, ambaye mara nyingi ndiye aliyeilipia hiyo keki, anasimama pembeni na simu kupiga picha.

Nimeolewa miaka 11. Mume wangu ni fundi seremala, karakana yake ipo Keko, Dar, anatengeneza vitanda, makabati na makochi siku sita kwa wiki, na Jumapili nyingi anatoka tena kwenda kuchukua vipimo kwa wateja. Julai mwaka jana alitimiza miaka 40. Nilipowaambia wenzangu kwamba nataka kumtoa, tukalale nje ya Dar kwa pesa yangu, wakaniuliza kitu kimoja wote: kwani yeye hana? Anayo. Nilichotaka ni siku mbili ambazo hataingiza mkono mfukoni hata mara moja, kwa sababu tangu nimjue sijawahi kumwona akiipata siku kama hiyo.

Nieleze kwanza nilivyokosea mwaka juzi, maana nimejifunza zaidi pale kuliko kwenye safari yenyewe. Nilimfanyia sapraizi. Nikakata tiketi za boti kwenda Unguja, nikalipia chumba Nungwi, nikamwamsha Jumamosi saa 10 usiku na kumwambia avae. Tulitoka nyumbani Temeke saa 11 alfajiri, tukapanda boti ya asubuhi, tukavuka kwa kama saa mbili, tukatafuta gari, tukafika Nungwi saa 6 mchana. Jumapili saa 5 asubuhi tulishabeba mabegi ili tuwahi boti ya kurudi, na nyumbani tuliingia saa 1 usiku. Hesabu: saa 38 tangu tulipofunga mlango, na kati ya hizo 15 tulikuwa njiani au kwenye foleni. Unguja haina kosa lolote. Ni pa kwenda ukiwa na siku nne, siyo mbili.

Kilichoniuma zaidi kilikuwa simu yake. Alikuwa ameahidi kupeleka kitanda kwa mteja Jumamosi ile ile, kitanda cha bibi harusi. Mimi sikujua, maana sikuuliza. Ningeuliza siri ingevuja. Simu iliita boti nzima, ikaita ufukweni, akawa anazungukazunguka mchangani akiomba radhi. Nilimtazama nikajua kwamba nimempa mtu zawadi ya aibu mbele ya mteja wake.

Tangu siku hiyo siamini sapraizi kwa mtu mzima mwenye kazi na watu wanaomtegemea. Sapraizi humfurahisha sana anayeiandaa. Anayefanyiwa anaanza safari akiwa na madeni ya ahadi, hajui abebe nguo gani, na halali kwa kuwaza kazi aliyoiacha katikati. Kwa hiyo safari hii nilimwambia wiki tatu kabla: Baba Salma, Jumamosi na Jumapili fulani ni zangu, tunakwenda Morogoro, usichukue kazi ya kukabidhi wiki hiyo. Akauliza kama kuna msiba. Nikamwambia hakuna msiba, ni siku yako ya kuzaliwa. Akanyamaza kidogo, halafu akatafuta kalamu ya kuandikia mbao akaandika tarehe ukutani karakana. Zile wiki tatu zikawa sehemu ya zawadi. Nilimsikia akiwaambia wateja kwenye simu, "wiki hiyo sipo, mke wangu ananitoa," na sauti yake ilikuwa ya mtu anayejivuna.

Kwa nini Morogoro? Kwanza treni. Tangu SGR ianze kubeba abiria kati ya Dar na Morogoro tarehe 14 Juni 2024, safari ambayo kwa basi inaweza kukumaliza nusu siku, ukihesabu foleni ya Kimara, Kibaha na Mlandizi, imekuwa ya chini ya saa mbili. Tulilipa 13,000 kila mmoja kwenda na 13,000 kurudi. Tiketi nilikata mapema kwa simu, na nashauri hivyo hivyo kwa mtu yeyote anayesafiri mwisho wa wiki. Stesheni ya Morogoro ipo Kihonda, nje kidogo ya mji, kwa hiyo weka akiba ya bajaji au teksi ya kukufikisha mjini.

Pili, ule mlima. Watu huiita Morogoro mji kasoro bahari, na sisi wa Dar bahari tunayo kila siku. Tulichokosa ni baridi kidogo na kitu kirefu cha kutazama. Uluguru unauona ukiwa bado kwenye treni, umesimama juu ya mji kama ukuta wa kijani na mawingu yamekaa begani. Mito ya milima hiyo ndiyo inayoingia Ruvu, na Ruvu ndiyo inayotupa maji Dar. Baba Salma alipenda sana kulijua hilo. Alisema basi tumekuja kuwasalimu wanaotunywesha.

Nilikuwa nimepanga tukifika tu tupande mlimani mpaka Morningside, Jumapili twende Mikumi kuona twiga na tembo, jioni turudi. Tulipoingia chumbani kama saa 5, akakaa kitandani avue viatu. Akalala. Alilala mpaka saa 9 na nusu alasiri.

Sitaficha, saa ya kwanza nilikasirika. Nimelipia mlima na mtu amelala. Nikakaa kibarazani na chai yangu, nikamsikiliza anavyokoroma, nikajaribu kukumbuka lini mara ya mwisho alilala mchana. Sikukumbuka. Nyumbani hawezi, mtoto atamwita, jirani atagonga na mguu wa meza umevunjika. Nikachukua simu nikaifuta Mikumi. Ni karibu, barabara ya Iringa imekatiza katikati ya hifadhi yenyewe, lakini kwenda na kurudi kungekula Jumapili yote na tungefika Dar tumechoka kuliko tulivyoondoka. Kwa safari ya siku mbili, kitu kimoja kwa siku kinatosha. Jumamosi kitu chetu kilikuwa usingizi, na usiku kuku wa kienyeji na ndizi za kuchoma, mezani bila watoto. Salma na mdogo wake walipiga simu wakaimba, wakagombania simu, ikakatika.

Jumapili ndiyo tukapanda. Bodaboda zilitufikisha mpaka njia ilipokuwa mbaya, halafu miguu, na kijana mmoja wa kutuonyesha njia. Tulipishana na akina mama wa Kiluguru wakishuka na mikungu na mboga kichwani kuelekea sokoni, wepesi kuliko sisi tuliokuwa mikono mitupu. Morningside ni nyumba ya zamani ya enzi za Wajerumani, na mji wote unauona chini yako. Mimi nilitazama mji. Yeye alitazama milango. Alipitisha kiganja kwenye mbao, akagonga kwa kidole, akanieleza unavyoweza kujua ubao uliokaushwa vizuri kabla ya kuchongwa. Nimekaa naye miaka 11 na sijawahi kumsikia akizungumzia kazi yake bila kutaja deni la mteja. Alizungumza karibu saa nzima. Nilikaa chini nikamsikiliza.

Pesa yote ilitoka kwenye mchezo wetu wa upatu wa wanawake 10, kila mmoja 30,000 kwa mwezi, nikaomba zamu ya Juni. Treni 52,000, chumba 75,000, chakula na bodaboda pamoja na yule kijana 110,000, na 40,000 nilimpa wifi yangu aliyekuja kulala na watoto. Hiyo ya wifi usiibane. Mtu anayekulindia watoto siku mbili ndiye anayefanya safari iwepo. Zilizobaki nilinunulia mboga na ndizi. Vyote nilivilipia kabla, au nilikwenda kulipa yeye akiwa hajaona, kwa sababu mume aliyezoea kulipa akiona bili anaingia kwenye hesabu, na akiingia kwenye hesabu mapumziko yameisha.

Ukitaka kwenda huko, kimbia masika, Machi mpaka Mei, njia za mlimani zinateleza. Mwanzoni mwa Agosti vyumba ni vya kugombania kwa sababu ya maonyesho ya Nane Nane. Julai usiku kuna baridi, beba sweta.

Shoga yangu mmoja, aliposikia yote haya, aliniambia nitamzoesha Baba Salma mambo ya gharama, mwakani atakaa anasubiri. Nimeshaongea na mweka hazina wetu. Zamu ya Juni ni yangu tena.