Joto la mbinguni na neno "kama"

Mwaka 1972 jarida la Applied Optics, linalosomwa na wataalamu wa fizikia ya mwanga, lilichapa makala fupi isiyo na jina la mwandishi, iliyohitimisha kwamba mbinguni ni moto kuliko jehanamu. Mbinguni nyuzi 525 za Selsiasi, jehanamu chini ya 445. Hesabu hiyo imezunguka dunia tangu hapo, na kila inapofika hugawa watu: kuna wanaocheka na kuna wanaokereka. Mimi nafundisha fizikia sekondari, nimeitumia darasani kwa miaka kadhaa, na naona wengi wanaoiita kufuru hawajaifuata hadi mwisho wake.

Inaanzia Isaya 30:26: "Tena nuru ya mwezi itakuwa kama nuru ya jua, na nuru ya jua itazidi mara saba, kama nuru ya siku saba." Mwandishi alihesabu hivi: mwezi unaleta fungu moja, sawa na jua letu la leo. Jua linaleta mara saba, tena la siku saba, yaani saba mara saba, 49. Jumla mafungu 50. Kitu kinachopigwa na mwanga hupata joto mpaka nishati inayotoka ilingane na inayoingia, na inayotoka hukua kwa kasi kubwa: joto la kitu, kwa kipimo cha Kelvini (nyuzi za Selsiasi ukiongeza 273), likiongezeka maradufu, nishati inayotoka huongezeka mara 16. Ndiyo maana mwanga wa mara 50 hauleti joto la mara 50. Huleta mara 2.66 tu. Dunia ikiwa Kelvini 300, mbingu inafika Kelvini 798, ambazo ni nyuzi 525.

Jehanamu inatoka Ufunuo 21:8, "ziwa liwakalo moto na kiberiti". Hapo wanafunzi huwaza njiti, na inabidi niwaeleze kwamba kiberiti hicho ni salfa, ule unga wa njano wanaopulizia mikorosho Mtwara. Salfa huchemka kwa nyuzi 444.6. Kama bado ni ziwa na haijawa mvuke, basi joto lake haliwezi kupita hapo. Mwanafunzi akiniambia kwamba kanieneo, yaani presha, likipanda salfa itachelewa kuchemka na ziwa litazidi kuwa moto, nampa haki yake, maana hilo ndilo linalotokea ndani ya sufuria la presha.

Sasa wanaopinga. Mwalimu mwenzangu wa somo la dini alinisimamisha siku moja nje ya ofisi ya walimu, akaniambia kwa upole: "Mwalimu, aya ile waliambiwa watu wenye majeraha. Wewe umeikata katikati." Nilirudi kuisoma. Kweli, inaendelea: "katika siku hiyo BWANA atakapofunga mapigo ya watu wake, na kuliponya jeraha la pigo lao." Nuru ile ni faraja. Na hakuna mahali aya inaposema kwamba inaeleza mbinguni. Kwa Waislamu nako, wanazuoni wengi hufundisha kwamba mambo ya ghaibu huaminiwa pasipo kudadisi namna yake, na kwa mtu aliyelelewa hivyo kipimajoto akhera ni kuvuka mpaka. Hoja hizi ni nzito. Tangu siku ile naandika aya nzima ubaoni.

Lakini tazama kosa la hesabu hii liligunduliwa wapi. Mwaka 1998 wanafizikia wawili wa Chuo Kikuu cha Santiago de Compostela, Hispania, Jorge Mira Pérez na José Viña, walionyesha kwamba ile 49 haimo kwenye aya. "Nuru ya siku saba" inafafanua "mara saba", haiizidishi tena. Jua ni mafungu saba, mwezi moja, jumla nane. Mbingu inashuka hadi nyuzi 231.5, na jehanamu inarudi kuwa ndiyo yenye moto mkali zaidi. Kanuni ya fizikia haikuguswa hata kidogo. Walichofanya ni kusoma upya.

Nimelizungusha jambo hili kichwani mara nyingi. Unaweza kulalamika kwamba Kelvini 300 ni joto la Tanga, si la dunia nzima, ambayo wastani wake unakaribia 288. Weka 288: mbingu ya mafungu 50 inakuwa nyuzi 493, bado inaishinda salfa. Umebishana na kipimo, jibu limebaki lilelile. Lakini ukibadili usomaji wa neno moja, kila kitu kinapinduka. Kwa Kiswahili neno lenyewe linaonekana waziwazi. Binti mmoja wa dawati la nyuma alilishika kabla sijataja Wahispania. Daftari lake lilikuwa na 49 iliyokatwa kwa mistari miwili, akanyoosha mkono: "Mwalimu, 'kama' ya kwanza tumesema ni sawasawa. Kwa nini ya pili iwe kuzidisha?" Aya ina "kama" mbili. Mwezi kama jua, umezifanya sawa. Basi mara saba kama siku saba, zifanye sawa pia. Binti huyu aliisoma Isaya kwa makini kuliko mwandishi wa 1972, na kilichomlazimisha kuisoma hivyo ni hesabu.

Hata Galileo, mwanasayansi wa Italia, alipita njia hii. Mwaka 1588, akiwa na miaka 24, alitoa mihadhara miwili mbele ya Akademia ya Florence juu ya umbo, mahali na ukubwa wa jehanamu ya mshairi Dante. Alikokotoa hadi kimo cha Lusifa. Alidai paa la jehanamu hiyo, ambayo ni shimo chini ya ardhi, lingesimama kwa sababu kuba dogo la uwiano uleule husimama. Alikosea, na kitabu chake cha 1638 kinaeleza kwa nini: ukikuza kitu, uzito wake hukua haraka kuliko uwezo wake wa kuubeba. Wapo wanahistoria wa sayansi wanaoona mbegu ya wazo hilo katika mihadhara ile ya ujanani.

Ninachokubaliana na wanaokereka ni hiki: ninayoonyeshwa na wanafunzi kwenye simu ni 525 siku zote. Hiyo 231.5 sijaonyeshwa hata mara moja. Hesabu ikikatwa hapo, kinachobaki ni dhihaka, na mwenzangu ana haki ya kukasirika.

Muhula huu nimemwomba aje achukue dakika kumi za mwanzo, aisome sura yote ya 30 kwa sauti kabla sijashika chaki. Amekubali, kwa sharti kwamba kipindi kikiisha nisiifute aya ubaoni, kwa sababu kinachofuata ni chake.