Nyumbani nasomewa, ugenini najisomea

Tangu nihamie Ujerumani kuna jambo moja bado linanishangaza: nalipa bili bila mtu mwingine kujua nadaiwa kiasi gani.

Sioni. Simu yangu hunisomea kilicho kwenye skrini, mradi aliyetengeneza tovuti amekiandika. Nyumbani nilikuwa nikifungua tovuti ya duka, sauti inasema: "Kitufe. Kitufe. Picha. Kitufe." Cha nini? Basi naita mpwa wangu. Mtoto mwema, anakuja mbio, anabonyeza, anauliza namba ya siri.

Wengi hudhani nitawaambia Wazungu wana huruma kuliko sisi. Wapi! Huruma imejaa nyumbani. Huku jirani hata jina langu halijui. Tofauti ni sheria. Tangu tarehe 28 Juni 2025, sheria ya Umoja wa Ulaya inazibana benki na maduka ya mtandaoni yatumike na watu wenye ulemavu. Watoa huduma wadogo kabisa, wenye wafanyakazi wasiofika 10, ndio waliosamehewa. Na Marekani, mwaka 2019, mahakama ya rufaa ilisema sheria ya ulemavu ya 1990 inaihusu hata tovuti ya muuza piza.

Tovuti mbovu zipo huku pia, tena nyingi. Kuna hata wanaouza kidude cha kubandika kwenye tovuti, eti kinarekebisha kila kitu chenyewe. Kwangu hugombana na sauti ya simu, nakifunga. Mwaka 2025 serikali ya Marekani ilimtoza muuzaji mmoja wa vidude hivyo dola milioni 1 kwa kutangaza uwezo ambao havina.

Kinachoniudhi ni kwamba kazi yenyewe si ngumu. Kitufe kipewe jina. Fomu ijazike kwa kibodi pekee. Video iwe na maandishi kwa ajili ya viziwi. Maandishi ya kijivu juu ya kijivu yaachwe (ajabu, hata wenye macho yao huyalalamikia). Fundi apakue NVDA, programu ya bure inayosoma skrini, azime kioo, kisha ajaribu kununua bidhaa ya bosi wake.

Wafanyabiashara wa nyumbani nikiwaandikia, hunijibu kwa upole: "Tupigie tu, tutakusaidia." Najua wanamaanisha. Ila wateja wengine hawaambiwi wapige.

Likizo iliyopita nilimwomba mpwa wangu anisomee nilichoagiza kabla sijalipa. Akasoma chote, akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Mjomba, hii dawa ni ya nini?"