Anayesema chakula ni kichungu si lazima awe anadeka

Mtoto anayekunja uso mbele ya sahani ya brokoli, na mtu mzima anayeisukuma kando kabichi ambayo wenzake wanaila bila shida, kwa kawaida hutiwa hatiani kwa kosa moja, kwamba wamedekezwa. Hukumu hiyo ina watetezi wenye hoja za kweli, nami nitawafikia. Hata hivyo inasimama juu ya dhana kwamba wote walioketi mezani wanaonja kitu kilekile, ila mmoja wao hana uvumilivu, na dhana hiyo ndiyo isiyokubalika.

Kisa cha mwaka 1931 kinajulikana vya kutosha: Arthur Fox, mkemia wa kampuni ya DuPont, alikuwa akishughulika na unga wa feniltiokabamidi, mwenzake akalalamika kwamba vumbi lake ni chungu mno, na Fox mwenyewe asihisi lolote. Ilichukua zaidi ya miaka 70 kupata chanzo. Mwaka 2003 watafiti wa Marekani, akiwamo Dennis Drayna, walibainisha jeni ya TAS2R38 iliyo katika kromosomu ya 7. Jeni hiyo huelekeza utengenezaji wa kipokezi kimoja cha uchungu kati ya vipokezi 25 hivi alivyo navyo binadamu, na hupatikana hasa katika maumbo mawili, PAV na AVI, yanayotofautiana kwa asidi amino tatu tu. Aliyerithi AVI kwa baba na kwa mama huhisi uchungu wa feniltiokabamidi kwa shida sana au asiuhisi kabisa. Aliyerithi PAV mbili huuhisi hata ukiwa kidogo mno.

Watafiti hao walikadiria kwamba jeni hii moja hueleza kati ya asilimia 55 na 85 ya tofauti za watu katika kuihisi kemikali hiyo. Wanaopinga hoja ya urithi hujibu, na ni haki yao kujibu hivyo, kwamba hakuna anayekula feniltiokabamidi. Ila kipokezi hakijui kilichotoka maabara na kilichotoka shambani. Kinachokiamsha ni kipande cha molekuli chenye kaboni iliyoungana na nitrojeni na salfa, na kipande cha namna hiyo kimo pia katika kemikali zitokanazo na glukosinolati za mboga za jamii ya kabichi. Mwaka 2006 Mari Sandell na Paul Breslin waliwapa watu mboga zenyewe wazionje. Wenye PAV mbili walizipa mboga za glukosinolati alama za uchungu zilizozidi zile za wenye AVI mbili kwa asilimia 60, ilhali kwa mboga zisizo na kemikali hizo tofauti hiyo haikuonekana. Utafiti ulikuwa mdogo, lakini sehemu hiyo ya pili ndiyo inayonishika. Kama wenye PAV wangekuwa watu wa kulalamika tu, wangelalamikia mboga zote. Wao walilalamikia zile ambazo kipokezi chao kingewatabiria, na kuziacha nyingine. Kwa hiyo mwenye AVI anayejisifu kwamba yeye hula chochote anachowekewa anapaswa kukumbuka kwamba, kwa chakula hicho, ameombwa uvumilivu mdogo kuliko jirani yake.

Upande wa pili una ushahidi ambao hauwezi kupuuzwa. Mwaka 2018 ulichapishwa uchambuzi wa taarifa za watu zaidi ya 400,000 wa Uingereza, ukaonyesha kwamba wale ambao jeni zao huwafanya wauhisi zaidi uchungu wa kafeini hunywa kahawa nyingi zaidi, wala si kidogo. Uchungu uliofuatana na uchangamfu hugeuka kuwa kitu kinachotafutwa. Vilevile maziwa maalumu ya watoto wachanga ambayo protini zake zimevunjwavunjwa, na ambayo watu wazima huyaona machungu na yenye harufu mbaya, hukubaliwa na watoto walioanzishiwa wakiwa na miezi michache, huku walioanzishiwa baadaye wakiyakataa. Mazoea yana nguvu, basi. Na majaribio ya kutabiri kwa TAS2R38 pekee nani atakula mboga na nani hatakula yametoa majibu yanayopingana, jambo ambalo wauzaji wa ushauri wa lishe unaotokana na kipimo cha jeni kwa mate hawapendi kulitaja. Kipimo hicho hakiwezi hata kumtangaza mtu kuwa na ulimi mkali kwa jumla: kwinini hutambuliwa na vipokezi vingine, na mtu yuleyule anaweza kuwa hodari kwa uchungu huu na butu kwa ule.

Lakini angalieni ushahidi huo unathibitisha nini. Unathibitisha kwamba mtu anaweza kujifunza kukipenda kichungu. Hauthibitishi kwamba wote huanzia hatua moja, wala kwamba anayechelewa kujifunza anadanganya kuhusu anachokihisi. Umri nao hulizidisha jambo hili. Utafiti wa Julie Mennella na wenzake wa mwaka 2005 uliona kwamba watoto wenye nakala moja ya kila umbo la TAS2R38 huuhisi uchungu wa propiltiourasili, ambayo ni dawa ya tezi ya thairoidi, kwa wepesi zaidi kuliko watu wazima wenye jeni zizo hizo. Maana yake, mzazi anayeonja kijiko cha dawa na kutangaza kwamba si chungu hivyo anaweza kusema kweli tupu kuhusu ulimi wake na bado akawa amemkosea mwanawe, hata pale ambapo wamerithi sawasawa.

Katika dawa ndipo kosa hili huwa na gharama kubwa kuliko mezani, kwa kuwa kabichi iliyokataliwa ina mboga mbadala, lakini dozi iliyotemwa ni dozi iliyokosekana. Watengenezaji hujaribu kuufunika uchungu. Chumvi za sodiamu hupunguza baadhi ya aina zake, na utamu husaidia kiasi. Hata hapo urithi haujaondoka, maana sakarini, inayotumika kutia utamu, huamsha pia kipokezi cha uchungu cha TAS2R31, na wenye umbo jepesi kuamshwa la kipokezi hicho huionja ikiwa tamu na chungu kwa pamoja.