Sola na betri katika mchoro wa jengo: zifungiwe ndani au ziachiwe nafasi?

Wasanifu majengo wanazidi kuhimizwa kuchora mfumo wa sola pamoja na jengo lenyewe, badala ya kuusubiri upachikwe paani ujenzi ukishakwisha. Jimbo la California nchini Marekani limeligeuza jambo hili kuwa sharti: tangu 2020 nyumba nyingi mpya za kuishi hazina budi kuwa na paneli, na tangu 2023 majengo mengi mapya ya biashara yanatakiwa kuwa na betri pia.

Wanaounga mkono wana hoja nzito. Paa lililochorwa bila kufikiria jua huzaliwa na dosari ngumu kurekebisha: tangi la maji limewekwa upande unaopigwa jua zaidi, au kenchi hazikukadiriwa kubeba uzito wa ziada. Kinachodharauliwa mno ni kivuli. Kwa kuwa seli za paneli, yaani vipande vidogo vinavyozalisha umeme, huungwa kwa mfululizo, umeme wa moja ukipitia nyingine, kivuli chembamba cha bomba la hewa kikiangukia seli chache tu kinaweza kupunguza umeme kwa kiwango kisicholingana kabisa na ukubwa wake. Kulihamisha bomba hilo kwenye karatasi hakugharimu chochote. Kulihamisha baada ya kuezeka ni kazi ya kubomoa.

Hata hivyo, umri wa vifaa haulingani na umri wa jengo. Paneli nzuri hudumu miaka 25 au zaidi, ilhali inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uweze kutumika jengoni) na betri mara nyingi huhitaji kubadilishwa baada ya miaka 10 hadi 15. Paneli inapofanywa kuwa ndiyo paa au ndiyo ukuta, gharama ya vigae huokolewa, ni kweli, lakini kila hitilafu hugeuka kazi ya kuezua. Tena seli za silikoni hupoteza takriban asilimia 0.3 hadi 0.4 ya nguvu kwa kila nyuzi moja ya joto lao inayozidi 25, na paneli iliyobanwa bila upenyo wa hewa nyuma yake huchemka zaidi.

Kwa maoni yangu, kinachostahili kujengwa moja kwa moja ni nafasi: mwelekeo wa paa, kenchi imara, mabomba ya kupitishia nyaya, na chumba cha betri chenye hewa, kilicho mbali na ngazi za kutokea, maana betri ya lithiamu ikishika moto ni vigumu kuuzima. Ukubwa wa betri hauna haja ya kuamuliwa kwa sheria moja. Ofisi hutumia umeme mwingi mchana, jua likiwapo, wakati nyumba ya kuishi huuhitaji zaidi jioni. Na pale ambapo mzigo mkubwa ni kiyoyozi, kupoza maji au kugandisha barafu mchana kwa matumizi ya baadaye kunaweza kuchukua sehemu ya kazi ya betri. Kwa ghorofa ndefu, ambalo paa lake ni dogo mno kulinganisha na sakafu zote zilizo chini yake, fedha za kwanza ziende kwenye vikinga jua vya madirisha, kwa kuwa vinapunguza umeme unaohitajika kabla hata paneli moja haijanunuliwa.