Bado Asilimia Kumi na Nne

Mjomba ndiye katibu wa kila kamati ya harusi katika ukoo wetu, na simu yake siku zote iko mahututi. Aliponiagiza nimtengenezee tovuti ya kuorodhesha michango, alitoa sharti: chaji ikishuka chini ya ishirini, imwambie kila asilimia inayopungua. "Na iongee Kiswahili, mjomba. Vikengele mimi sivisikii."

Kwenye Chrome ya Android ni kazi nyepesi. Unaita amri ya navigator.getBattery(), inakupa kiwango cha chaji kati ya 0 na 1 (0.15 ndiyo asilimia 15), kisha unategea tukio la levelchange, yaani kiwango kubadilika. Nikamrekodi dada kwa sauti ya upole ya huduma kwa wateja: "Bado asilimia kumi na tano." Maneno aliyachagua Mjomba.

Kwa Shangazi, mweka hazina, tovuti ilikaa kimya. Ana iPhone. Mjomba akacheka: "Simu ya bei yote hiyo haijui chaji yake?" Inajua, ila Safari, kivinjari cha iPhone, haiziambii kurasa. Hata kivinjari cha Firefox kiliziba njia hiyo mwaka 2017, kwa hofu kwamba tovuti zingemtambua mtu kwa chaji yake.

"Nani atanitambua mimi kwa chaji?"

Yeyote, mjomba. Nani mwingine anaishi kwenye kumi na mbili?

Kikao cha mwisho, ukumbi umejaa, simu ya Mjomba imeunganishwa na spika kwa ajili ya muziki. Akashika maiki, akaanza kusoma michango kwenye simu hiyohiyo. Akamtaja mzee mmoja mheshimiwa: "Ahadi laki tatu, amelipa…"

"Bado asilimia kumi na tano," dada akasema ukumbi mzima.

Mzee akainuka na simu yake mkononi. "Bado ipi? Muamala huu hapa!"

Mjomba akaomba radhi, akaruka kwa mama aliyefuata.

"Bado asilimia kumi na nne."

Minong'ono ikaanza. Betri ile kuukuu ilikuwa inaporomoka karibu kila jina, na Mjomba, aliyedhani mitambo ya ukumbi imeharibika, akawa anaipigia kelele spika. Nikiwa napenya kwenye viti kumfuata, jamaa mmoja akanivuta shati.

"Kijana, asilimia kumi na mbili ya laki mbili ni ngapi?"

"Elfu ishirini na nne."

Akachomoa noti, akamkimbilia Shangazi kabla jina lake halijafikiwa. Shangazi akafunua daftari. Huyo alikuwa hajalipa hata senti tano. Akazipokea kwa mikono miwili, kisha akanigeukia:

"Mwanangu, hiyo sauti kwenye iPhone haiwezekani kabisa?"